Kufundisha Uunganishaji wa Orodha za Kanzidata

Mwalimu afundishaye misingi ya programu za kompyuta hukutana mapema na jambo hili: kanzidata imeulizwa maswali mawili au matatu, kila swali limeleta orodha yake, na sasa yahitajika orodha moja itakayopitiwa jina kwa jina tangu mwanzo hata mwisho. Aghalabu wanafunzi hudhani kwamba kuunganisha ni tendo moja tu. Kumbe yapo matendo mbalimbali, na kila moja lina jibu lake. Madhumuni ya makala haya ni kuonyesha namna ya kulieleza jambo hili kwa kadi, kabla ya mtoto kugusa kompyuta.

Vifaa

Mwalimu aandae kadi 9, kila moja ikiwa na namba ya uandikishaji na jina la mwanafunzi. Kadi 5 ziwe jibu la swali la kwanza: Ni nani wakaao mbali na shule? Kadi 4 ziwe jibu la swali la pili: Ni nani wabakiao kwa masomo ya jioni? Wanafunzi wawili wawemo katika mafungu yote mawili. Mbali na hao, fungu la kwanza liwe na Asha Juma namba 14, na la pili Asha Juma namba 31. Hawa ni watoto wawili tofauti. Darasa lielezwe kwamba kila mtoto aliyetajwa atapewa chakula cha mchana, nasi twataka kujua idadi ya sahani.

Hatua ya kwanza: Kufuatanisha

Fungu la pili liwekwe chini ya la kwanza, kisha kadi zisomwe moja moja. Zitakuwa 9. Ndivyo ifanyavyo amri ya chain katika lugha ya Python:

from itertools import chain
for mtoto in chain(mbali, jioni):
    print(mtoto)

Programu husoma fungu la kwanza mpaka liishe, ndipo iingie la pili. Haitengenezi orodha mpya, kwa hiyo haiongezi mzigo mkubwa katika kumbukumbu ya kompyuta. Lakini haiulizi kama mtu amekwisha kutajwa. Tena, mfululizo huo ukipitiwa mara moja umekwisha. Atakaye kuupitia tena hana budi kuunda mwingine.

Hatua ya pili: Muungano

Wanafunzi waondoe kadi zilizojirudia. Zitabaki 7. Hii ni kazi ya amri ya UNION katika SQL, lugha ya kuulizia kanzidata:

SELECT namba, jina FROM mbali
UNION
SELECT namba, jina FROM jioni;

Mwaka 1970 Edgar F. Codd, mtaalamu wa kampuni ya IBM, alieleza kanzidata kwa misingi ya hisabati ya seti. Na katika seti kitu huhesabiwa mara moja tu. Mwalimu aliyekwisha kufundisha muungano wa seti ana msingi wa somo hili tayari. Atakaye marudio yabaki huandika UNION ALL, na jibu hurudi kuwa 9.

Hatua ya tatu: Kitambulisho

Sasa namba zifunikwe, yabaki majina tu. Wanafunzi wakiondoa majina yaliyojirudia watapata 6. Asha Juma mmoja ametoweka, na mtoto mmoja atakosa sahani. Kompyuta nayo ingefanya vivyo hivyo pasipo kutoa onyo lolote, kwa kuwa imetii ilichoagizwa.

Kisha namba zifunuliwe, na kila kadi iongezwe sababu: "mbali" au "jioni". UNION hulinganisha mstari mzima. Kadi mbili za mtoto yule yule sasa zatofautiana kwa neno moja, basi jibu ni 9, na watoto wawili wamehesabiwa mara mbili. Darasa litambue kwamba jina pekee halitoshi kumtambulisha mtu, na kwamba neno lisilohitajika huharibu hesabu.

Hatua ya nne: Mpangilio

Amri ya chain hulinda mpangilio wa kila fungu. UNION haiahidi mpangilio wowote, isipokuwa programu imeagiza kwa ORDER BY.

Muhtasari

Kabla ya kuunganisha, mwanafunzi azoezwe kujiuliza maswali matatu:

1. Je, marudio yabaki au yaondolewe?
2. Ni kitu gani kinachomtambulisha kila mmoja?
3. Mpangilio gani watakiwa?

Zoezi

Ongeza fungu la tatu lenye kadi 2 za namba na jina: moja ya mtoto aliyekwisha kutajwa, na moja ya mtoto mgeni. Kufuatanisha kutatoa kadi ngapi? Muungano je? (Majibu: 11 na 8.) Wanafunzi waeleze ni jibu lipi mpishi apewe, na kwa sababu gani.