Mbao za Fundi Anayeanza: Yosefu Naye Alihesabu Gharama



Somo letu la leo lina vumbi la randa. Kijana mmoja alinisubiri nje baada ya Misa akaniuliza: "Frateri, nataka kujifunza useremala, ila mbao ni ghali. Nianzie wapi?" Nilimjibu haraka haraka, nikaondoka. Baadaye nikaona swali lake linastahili jibu lililokaa vizuri, hasa kwetu tunaoishi Unguja, ambako mbao nyingi zinavuka bahari kabla hazijafika mkononi.

Masomo ya kutafakari: Lk 2:22-24, Lk 14:28-30, Mk 6:3.

Tuanze na jambo dogo. Yesu alipopelekwa hekaluni, Luka anataja sadaka ya ndege wawili. Ukifungua Walawi 12:8 utaona kwamba hiyo ilikuwa sadaka ya mama asiyeweza kumudu mwanakondoo. Yaani nyumba ya yule fundi wa Nazareti haikuwa na fedha za kuchezea. Kanisa Kuu letu la Minara Miwili, lililosimama Mji Mkongwe tangu miaka ya 1890, lina jina la Mtakatifu Yosefu. Tukimtazama pale, tukumbuke kuwa huyu naye aliwahi kushika ubao akajiuliza: je, nitaumudu?

1. Benchi langu la kwanza

Naanza na aibu yangu. Jumuiya yetu ndogo ndogo ilihitaji mabenchi. Vijana tukachanga, kidogo kidogo, fedha za soda na za vocha. Nikajitolea kutengeneza. Nilichora benchi zuri kwenye daftari, kisha nikaenda kutafuta mbao za bei ya chini kuliko zote. Nikazipata kando ya barabara: mbao za mwembe, pana, nzito, bei poa. Nilirudi nazo nikijiona mjanja.

Kumbe uzito ule ulikuwa maji. Wiki chache baadaye ubao wa kukalia ulikuwa umejikunja kama jani la mgomba, mguu mmoja haugusi chini, na unga mweupe unadondoka kwenye matundu madogo: bungua walishaingia. Bibi mmoja wa jumuiya alikaa, benchi likayumba, akashika ukuta. Hakuumia, ila nilitamani ardhi inimeze. Fedha ya wenzangu ilikuwa imegeuka kuni.

Nikaenda kwa mzee mmoja, fundi wa milango, Ng'ambo. Nikamwamkia, nikamweleza. Alicheka kwanza, kisha akasema: "Mwanangu, umetafuta bei. Hukutafuta mti."

2. Anza na mti, mchoro ufuate

Neno hilo lilinirudisha darasani. Tulipomsoma Aristotle tulijifunza kwamba kila kitu kina maada na umbo. Neno la Kigiriki alilolitumia kwa maada ni *hyle*, na maana yake ya kawaida mtaani ilikuwa mbao, miti. Nimefaulu mtihani wa somo lile, lakini sikuwa nimelielewa mpaka benchi liliponikunjamania. Maada ina mambo yake. Huwezi kuilazimisha umbo lolote unalotaka.

Mafundi wa zamani wa Mji Mkongwe walilijua hili. Ingia nyumba ya kale, tazama juu: dari limebebwa na boriti za mikoko. Vyumba vingi vya nyumba hizo ni virefu lakini vyembamba, upana wa kama mita 3 hivi, kwa sababu huo ndio urefu ambao boriti iliweza kuubeba. Fundi hakuulaumu mti kwa kuwa mfupi. Alijenga chumba kikaufuata. Wahenga wanasema, mchagua jembe si mkulima.

Sasa tulete hili kwenye benchi. Benchi la futi 4 lenye kimo cha inchi 18 lina vipande hivi: miguu 4 ya inchi 17, mbao 2 za inchi 44 za kushikilia miguu kwa urefu, vipande 2 vya inchi 9 vya kuikaza kwa upana, na mbao 2 za kukalia, 1 kwa 6, za futi 4. Jumla vipande 10. Umeona? Hakuna hata kimoja kinachozidi futi 4, na 6 kati yake havifiki inchi 18. Mimi nilikuwa nanunua mbao ndefu ili nizikate vipande vifupi, wakati fundi wa jirani anatupa vipande vifupi jikoni kama kuni.

Basi kabla hujatoa fedha, kaa chini uandike orodha ya vipande. Ndiyo hesabu ya mnara katika Luka 14.

3. Zinapatikana wapi hapa Unguja?

*Kwa mafundi wenyewe.* Hapa ndipo pa kwanza. Anayetengeneza milango na vitanda hubaki na vipande vya mninga, mvule au mkongo, mbao ambazo wewe na mimi hatuwezi kununua nzima. Nenda jioni wakati wa kufunga, usiende asubuhi kazi ikiwa imepamba moto. Msalimie, shika ufagio, fagia. Usianze na "naomba". Mimi nilifagia siku tatu, ya nne mzee akaniambia, "Chukua hivyo pale." Na pamoja na vipande nilipata elimu ambayo dukani haiuzwi.

*Miti ya nyumbani.* Miembe, mifenesi na minazi mizee huanguka masika, au hukatwa watu wanapojenga. Mfenesi una mbao ya manjano, nzuri kuranda na yenye kudumu. Mwembe unafaa pia, ila upasuliwe mapema na ukaushwe vizuri, maana bungua na ukungu wanaupenda. Mnazi ni tofauti: hauna pete za miaka kama miti mingine. Sehemu ya nje, hasa chini ya shina, ni ngumu sana na humaliza meno ya msumeno. Ya katikati ni laini kama sifongo. Chukua ya nje, ya ndani iache. Jambo moja la lazima: kabla ya kuita mtu wa chenso, hata kama mti uko uani kwenu, pita kwa sheha na ofisi ya misitu uulize kuhusu kibali. Zanzibar ina sheria yake ya misitu tangu mwaka 1996.

*Mbao za bara.* Misindano mingi ya madukani hutoka nyanda za juu, kama msitu wa Sao Hill kule Mufindi, Iringa. Ni laini kwa anayejifunza, lakini ndani ya bei kuna lori na kuna chombo cha baharini. Kwa hiyo usinunue nyingi. Uliza pia zilizovunjika au zilizopinda mwishoni, maana futi 4 zilizonyooka zinaweza kupatikana ndani ya futi 12 iliyopinda. Zile zenye rangi ya kijani zimetiwa dawa ya mchwa: nzuri kwa paa, zisiwe ubao wa kukatia mboga, wala usizichome jikoni.

*Paleti.* Zile chaga za kubebea mizigo, utazikuta kwenye maghala na maduka makubwa. Tafuta muhuri. Ukiona herufi HT, zimetibiwa kwa joto. Ukiona MB, zimefukizwa gesi ya sumu ya kuulia wadudu: ziache. Zisizo na muhuri na zenye madoa ya mafuta au kemikali, ziache pia. Na uombe, usijichukulie. Nyingi zina mwenyewe.

*Nyumba zinazokarabatiwa.* Mbao kuukuu zimeshakauka miaka mingi, hazitakukunjia uso. Ng'oa misumari yote kabla ya kugusa msumeno. Ila mlango wa nakshi, au kipande chake, ukiuziwa kichochoroni, kimbia. Huo ni urithi wa mji, haukuwa mali ya anayekuuzia.

4. Rahisi hudai subira

Mbao mbichi ni nafuu kwa sababu kazi ya kukausha unaachiwa wewe. Zipange kivulini, mahali penye upepo, juu ya matofali. Kati ya safu na safu weka vijiti vya unene sawa, kila baada ya futi 2 hivi, kimoja juu ya mwenzake kwa mstari. Paka rangi kwenye ncha zisipasuke. Kisha omba mizani dukani, pima ubao mmoja kila wiki, andika. Uzito ukishuka, maji bado yanatoka. Ukiacha kushuka, ubao umekubaliana na hewa ya kwetu. Inaweza kuchukua miezi. Jifunze kuchonga viungo kwenye vipande vya bure huku ukisubiri.

5. Rahisi inayolipwa na mwingine

Hapa ndipo penye uzito. Baada ya lile benchi kuharibika, jamaa mmoja alinijia usiku. Ana nguzo za mikoko, bei ya kutupa, ningemaliza mabenchi yote kwa fedha iliyobaki. Nakiri: nilitaka. Nilikuwa na deni la heshima kwa vijana wenzangu, na nguzo zile zingelifuta. Nikamuuliza tu, "Zimetoka wapi?" Akanyamaza, kisha akasema, "Wewe unataka mbao au unataka hadithi?"

Sikununua. Si kwamba mimi ni mtakatifu; ni kwamba lile swali lilikuwa limeshanitoka mdomoni. Mikoko ya ghuba kama Chwaka ndiyo malezi ya samaki wadogo na kinga ya ufukwe. Ikikatwa ovyo, mvuvi anapata nyavu tupu na mama anayeuza samaki anapunguza sahani. Nguzo ile haikuwa rahisi. Bei yake ilikuwa inalipwa na watu wasiokuwepo pale usiku.

Niliporudi kwa jumuiya niliwaambia ukweli wote, pamoja na fedha niliyopoteza. Walinung'unika, haki yao. Kisha kijana mmoja akasema kwao kuna mfenesi ulioangushwa na upepo. Tukafuata kibali, tukapasua, tukapanga kivulini. Tunapoandika haya bado zinakauka. Lakini benchi moja lipo tayari, la vipande vya kwa mzee: miguu miwili ya mninga, miwili ya mvule, rangi hazifanani. Bibi yule amelikalia. Halikuyumba.

Tujiulize

- Ni kitu gani nimekinunua kwa bei ndogo bila kuuliza kilikotoka?
- Ni maada gani ya maisha yangu, kipaji au mazingira, ninayoilaumu badala ya kuifuata ilivyo?
- Ni nani mtaani kwetu ana ufundi, nami sijawahi kumsalimia?

Zoezi la wiki

Andika orodha ya vipande vya kitu kimoja kidogo: kigoda, rafu au benchi. Tembelea fundi mmoja, fagia kwanza, uliza baadaye. Kwa kila kipande utakachopata, andika nyuma yake kwa penseli kilikotoka.

Sala

Ee Mungu, uliyemkabidhi Mwanao kwa fundi aliyehesabu senti zake, tupe mikono yenye subira na macho yanayouliza. Tusijenge chochote kwa hasara ya jirani. Mtakatifu Yosefu, utuombee. Amina.