SOMO: Tenda Kubwa, Malori Machache. Dereva wa Nje ni wa Nani?



Leo tutajifunza habari ya madereva wa malori. Labda mkata miwa atauliza: "Mimi kazi yangu ni panga, lori lanihusu nini?" Linakuhusu. Soma mpaka mwisho.

1. Jinsi mambo yanavyokwenda

Hapa Uganda viwanda vya sukari hupokea miwa mingi iliyobebwa na malori ya watu wa nje. Tufanye hesabu ya mfano. Bwana mmoja amepata tenda ya kubeba tani 900 kwa siku sita. Ana malori matatu. Kila lori hubeba tani 15, mara mbili kwa siku. Yote pamoja ni tani 540. Zimebaki 360. Kwa hiyo huita malori mawili ya nje pamoja na madereva wake.

Kiwanda humlipa shilingi 20,000 kwa tani. Yeye humpa mwenye lori la nje 15,000. Basi katika zile tani 360 anabaki na shilingi 1,800,000, na lori hilo si lake. Dereva halipwi mshahara, hulipwa kwa tripu. Foleni ya mizani ikiwa ndefu, anapata tripu moja badala ya mbili, na pesa zake hukatika nusu. Ndiyo sababu huendesha usiku, macho yamejaa usingizi. Mkataba nambari 153 wa Shirika la Kazi la Kimataifa, wa mwaka 1979, unasema dereva asiendeshe zaidi ya saa nne bila kupumzika, wala zaidi ya saa tisa kwa siku.

2. Ajali ikitokea

Niliwahi kukaa kando ya kitanda cha dereva wa namna hii aliyevunjika mguu. Kiwanda kilisema: "Muulizeni mwenye tenda." Mwenye tenda akasema: "Lori si langu." Mwenye lori akasema: "Huyu alikuwa akinisaidia tu." Hapakuwa na karatasi hata moja. Mabwana watatu wakati wa kazi, hakuna bwana hata mmoja wakati wa maumivu.

3. Sheria inasemaje?

Kwanza, Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inakubali mkataba wa mdomo. Kukosa karatasi si kukosa haki, ila ushahidi unakuwa mgumu.

Pili, Pendekezo nambari 198 la Shirika la Kazi la Kimataifa, la mwaka 2006, linafundisha kwamba tutazame kazi yenyewe, siyo jina tulilopewa. Nani anakupa amri? Nani anakulipa? Chombo ni cha nani?

Tatu, tangu mwaka 2022 kila mwajiri, hata mwenye mfanyakazi mmoja, anatakiwa kuchangia NSSF: mfanyakazi asilimia 5, mwajiri asilimia 10. Udogo wa kampuni si kisingizio tena.

Nne, aliyeumia kazini atoe taarifa kwa mwajiri na kwa afisa wa kazi mara moja. Asingoje mwezi uishe.

4. Kwa nini mkata miwa ajali?

Muwa uliokatwa hukauka na kupungua uzito. Lori likichelewa, anayelipwa kwa tani hupata hasara. Tena wengine hupanda juu ya mzigo kurudi kambini, na dereva aliyechoka huwabeba wote. Jambo la tatu ni kubwa zaidi: mwajiri akiona madereva wa nje ni rahisi na hawaulizi, kesho ataleta wakataji wa nje kwa njia hiyo hiyo. Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji.

5. Tufanye nini?

Dereva aweke daftari: tarehe, namba ya lori, tani, jina la aliyemtuma, pesa alizopokea. Ahifadhi kila karatasi ya mizani. Viongozi wa matawi wadai kwamba mkataba wa pamoja uwataje wenye tenda, na kwamba asiyelipia NSSF na bima ya ajali asipewe tenda. Tusiwafukuze madereva wa nje kama maadui. Tuwaingize chamani.

Maswali ya kujadili tawini:
(a) Katika kazi yenu, ni nani wanaolipwa kwa tripu?
(b) Akiumia mmoja wao leo, jina la nani litaandikwa kama mwajiri?
(c) Nani atakwenda kuzungumza nao juma hili?