Friji Bovu, Biri Salama

Kompresa ikifa, friji hugeuka mzigo uani, na wengi huwaita wanunuzi wa chuma chakavu. Kwa mtu anayetunza biri, zile sigara nene zinazoviringwa kwa majani mazima ya tumbaku, friji hilo bado lina mali mbili: kuta zilizojazwa povu, na mlango unaojifunga kwa mpira wenye sumaku. Kabati jipya la kutunzia biri ni ghali, na mengi hayafungi vizuri kuliko friji la zamani. Haya ndiyo ninayoulizwa zaidi na wanaotaka kulifanyia kazi.

Fundi, friji langu linapoza vizuri tu. Kwa nini nisiziweke biri ndani na kuliacha liwake kama kawaida?

Litazikausha. Friji la jikoni hukaa kwenye nyuzi 4 hivi, na bati lake la kupozea hushuka chini ya sifuri. Hewa ikiligusa, mvuke wake hugeuka matone au barafu, kisha maji hutoka kwa tundu la nyuma. Biri inataka nyuzi 18 hadi 21 na unyevu wa asilimia 65 hadi 70. Hewa ya namna hiyo, chochote kilichopoa chini ya nyuzi 14 hivi kitaitoa jasho, na bati la friji hupoa zaidi ya hapo kila mara kompresa inapowaka.

Tazama pia kiasi cha maji tunachokizungumzia. Kwenye nyuzi 20 na unyevu wa asilimia 70, mita moja ya ujazo ya hewa hubeba takriban gramu 12 za maji. Friji la lita 200 basi lina gramu mbili na nusu hivi, nusu ya kijiko cha chai. Akiba yenyewe imo ndani ya tumbaku na mbao. Ndiyo maana kufungua mlango mara moja hakudhuru, lakini mpira unaovuja mchana na usiku utakuharibia kila kitu.

Nimepata friji bovu la bure. Nilikague vipi?

Anza na mpira. Banisha karatasi kati ya mpira na fremu, funga mlango, kisha ivute. Ikitoka bila kukaza, hapo pana mwanya. Rudia pande zote nne, hasa upande wa bawaba. Mpira uliokakamaa husafishwa kwa maji ya moto ukalainika, na uliopasuka hubadilishwa. Kisha ziba tundu la kutolea maji kwa kizibo cha mpira.

Mambo mawili sitaki uyapuuze. La kwanza, usikate mirija ya nyuma. Mafriji ya zamani yana gesi ya R-12, inayoharibu tabaka la ozoni na iliyowekewa udhibiti na Itifaki ya Montreal ya 1987, na mengi ya sasa yana isobutani, ambayo hushika moto. Kompresa ikikaa pale pale haikusumbui. Ukitaka iondoke, mwite fundi mwenye mashine ya kunyonya gesi.

La pili ni watoto. Friji la zamani lenye komeo la kubana halifunguki kwa ndani, na watoto wamewahi kufia humo. Vifo hivyo ndivyo vilivyoifanya Marekani itunge sheria mwaka 1956 kuwalazimisha watengenezaji waunde milango inayofunguka kutoka ndani. Ng'oa komeo hilo, utumie mpira wenye sumaku badala yake. Hadi siku utakapoweka rafu, uvue mlango wenyewe.

Friji linanuka samaki. Litatoka harufu kweli?

Mara nyingi hutoka, ila kwa subira. Lioshe kwa maji ya vuguvugu yenye bekingi soda, suuza, kausha, kisha liache wazi penye upepo. Baadaye weka mkaa mkavu ndani na ulifunge siku kadhaa, ubadilishe mkaa, urudie. Usitumie dawa za kung'arisha wala sabuni zenye manukato, maana tumbaku hunywa kila harufu iliyo karibu nayo. Ukifunga mlango siku mbili na ukifungua bado unasikia samaki, liache. Plastiki iliyokunywa mafuta ya samaki kwa miaka haisameheki.

Rafu na bitana nitumie mbao gani?

Watunza biri wa Cuba na Marekani hutumia *Cedrela odorata*, mti wa Amerika ya Kati na Kusini wanaouita mwerezi wa Kihispania, ingawa hauna undugu na mierezi ya Lebanoni. Uko kwenye ukoo mmoja na mkangazi na mwarobaini wetu. Mbao zake hunywa unyevu na kuurudisha polepole, na harufu yake ya upole hupatana na tumbaku. Wengi hawajui kwamba mti huu upo hapa nyumbani: uliletwa Tanzania kama mti wa kupandwa, na katika msitu wa Kimboza, Morogoro, umeenea hadi kuwa mvamizi unaoisonga miti ya asili. Ulizia sedrela kwa wauza mbao kabla hujafikiria kuagiza nje.

Ukiikosa, mkangazi uliokauka vizuri unatosha. Msonobari una utomvu, mkafuri una harufu kali, na mutarakwa, ambao penseli zilitengenezwa kwao, una mafuta yatakayoingia kwenye biri yasitoke. Mbao za ndani zisipakwe vanishi wala rangi, zipigwe msasa tu.

Unyevu utatoka wapi, na nitaupimaje?

Njia ninayoiamini ni vifuko vya mmumunyo wa chumvi vinavyouzwa kwa watunza biri. Kila kifuko kina kiwango chake, mathalani 65 au 69: hewa ikikauka hutoa mvuke, ikizidi maji hunyonya. Bakuli la maji peke yake hujua kutoa tu. Litumie kuandalia mbao kabla biri hazijaingia, na liwe na maji yaliyotoneshwa. Maji ya betri yanafaa ikiwa lebo inathibitisha kuwa hayana asidi.

Vipima unyevu vya bei nafuu hudanganya, kwa hiyo kijaribu chako kwanza. Tia chumvi ya mezani kwenye kizibo cha chupa, idondoshee maji hadi iwe kama tope zito, kisha ifungie na kipimo ndani ya mfuko usiopitisha hewa kwa siku nzima. Kipimo sahihi kitaonyesha asilimia 75. Kikisoma 70, ujue utakuwa ukiongeza 5 daima. Nunua viwili, kimoja juu na kingine chini, kwa sababu friji refu halina hali moja. Feni ndogo ya kompyuta ikizunguka dakika chache kila saa hupunguza tofauti hiyo.

Niko Mombasa. Nyumba ina joto na hewa ina maji tele. Mpango huu unanifaa?

Nusu yake inakufaa. Povu la friji hupunguza kupanda na kushuka kwa joto, lakini haliwezi kushusha wastani wake. Chumba kikienda nyuzi 31 mchana na 25 usiku, ndani ya friji lisilo na umeme utakuta 28 hivi siku zote. Nairobi, ambako nyumba nyingi hukaa karibu na nyuzi 20, friji bovu linatosha bila nyongeza. Pwani halitoshi.

Kwenu ninapendekeza friji linalopoza, lililofungiwa thamostati ya nje inayokata umeme kwenye nyuzi 18. Bati bado litatoa jasho, na unyevu ndani ya friji utayumba. Basi usilipe friji kazi mbili. Liachie joto tu, na unyevu uukabidhi makopo ya plastiki yenye vifuniko vya kubana, kila kopo na kifuko chake cha 65 na kipande cha mbao. Nasema 65, si 69, kwa sababu umeme ukikatika na joto likapanda, biri kavu kidogo huchelewa kuota ukungu. Fungua makopo mara moja kwa wiki yapate hewa.

Usijaribu kuokoa biri iliyoota manyoya ya kijani au bluu. Itupe, na uzikague jirani zake moja moja.

Nimeona vitundu vya mviringo kwenye biri, kama vya sindano. Ni nini?

Ni mdudu wa tumbaku, *Lasioderma serricorne*. Mayai yake huja na jani kutoka ghalani au kiwandani, na joto likipita nyuzi 22 au zaidi kidogo kwa muda, huanza kuanguliwa. Buu hula biri kutoka ndani, na akiwa mdudu kamili hutoboa tundu na kutoka nje. Toa biri zote, futa rafu, kisha zifunge kwenye mifuko miwili ya plastiki na uziweke kwenye friza ya nyuzi -18 kwa siku tano. Zikitoka humo zikae siku moja kwenye friji la kawaida kabla ya kurudi kwenye joto la chumba, la sivyo jani la nje litapasuka. Anayeishi pwani azigandishe kila biri mpya inapofika, hata kama haina alama yoyote.

Biri ikitunzwa vizuri, madhara yake hupungua?

Hapana. Moshi wake una sumu zile zile, na huleta saratani ya kinywa na koo hata kwa asiyeuvuta hadi mapafuni. Kabati hutunza ladha, haligusi sumu.

Nimerithi boksi la biri zilizokauka kabisa. Niziweke moja kwa moja kwenye kabati jipya?

Usiharakishe. Jani la nje ni jembamba, hunywa maji kabla ya tumbaku ya ndani, likivimba ghafla hupasuka. Ziweke kwanza kwenye kopo lililofunguliwa kifuniko nusu, lenye kifuko cha unyevu mdogo, uzigeuze kila siku chache, na baada ya wiki mbili tatu ndipo ukiweke cha 65. Hesabu miezi kabla ya kuziona zimekuwa laini zikibonyezwa. Mafuta ya jani yaliyokwisha kupotea hayarudi, kwa hiyo jaribu moja kwanza kabla hujazipa nafasi kwenye rafu ya sedrela.