Programu ya Simu na Maktaba ya Picha

Picha zilizomo katika simu hukusanywa katika maktaba moja ya picha. Humo huweza kuwamo picha za jamaa, vyeti vya shule na hata vitambulisho. Aidha, picha nyingi hubeba ndani yake tarehe na saa zilipopigwa, na pengine mahali penyewe. Ndiyo sababu programu haziachiwi kuingia humo zipendavyo.

Kila programu hufanya kazi katika eneo lake lililotengwa. Ikihitaji kitu kilicho nje ya eneo hilo, hupeleka ombi kwa mfumo endeshi wa simu. Mfumo huo ni mfano wa mkutubi: msomaji hutaja kitabu, naye mkutubi huamua kama atampa.

Simu nyingi huendeshwa na Android au iOS, na kila mfumo una amri zake. Ili programu moja itumike kwa mifumo yote miwili, waandishi wa programu hutumia zana kama React Native, iliyotolewa mwaka 2015, au Flutter, ambayo toleo lake la 1.0 lilitoka mwaka 2018. Kati ya programu na mfumo huwekwa kiungo, ambacho hufanya kazi ya mkalimani: hupokea ombi moja na kulifasiri kwa amri za mfumo unaohusika.

Ombi lenyewe huweza kufanywa kwa njia mbili:

(a) Kuomba ruhusa ya kusoma maktaba. Hapo mwenye simu huulizwa, naye huweza kukataa. Katika iOS ni lazima programu ieleze sababu ya ombi. Tangu toleo la 14 la mwaka 2020, mwenye simu huweza kuruhusu picha chache tu.

(b) Kutumia kichaguzi cha picha. Mfumo wenyewe humwonyesha mwenye simu picha zake. Yeye huchagua, na programu hupewa zile alizochagua tu. Android 13 ya mwaka 2022 ililetwa pamoja na kichaguzi cha namna hiyo.

Programu ya shule inayohitaji picha moja ya mwanafunzi yatosha kutumia njia ya pili. Anayeomba maktaba nzima kwa ajili ya picha moja hujitwika dhamana ya siri asizozihitaji.

Zoezi
1. Kwa nini kiungo kimefananishwa na mkalimani?
2. Taja programu ambayo kwa haki ingehitaji njia ya kwanza. Toa sababu.