Somo la Mwezi: Mlinzi Mmoja wa Watoto Ufukweni

Lengo: Baada ya somo hili, kila familia iende ziwani ikiwa imekwisha kumchagua mtu wa kuwalinda watoto majini, na ijue la kufanya katika dakika za kwanza za hatari.



Siku za Jumapili, siku za Idi na sikukuu ya Uhuru ya tarehe 1 Julai, familia nyingi huteremka kwenye fukwe za Bugarama, hususan upande wa Magara. Huja kwa Barabara ya Taifa namba 3 itokayo Bujumbura kuelekea Rumonge, wakiwa na mikeka, sufuria za wali na makaa ya kuchomea mikeke. Sisi askari polisi tunafurahi kuliona jambo hilo, kwa kuwa familia iliyotandika mkeka kando ya maji bila hofu ni dalili ya amani. Hatuandiki ili kuwazuia watu kustarehe. Tunaandika ili idadi ya watoto waliotoka nyumbani asubuhi iwe ndiyo idadi itakayorudi jioni.

1. Tulifahamu ziwa letu

Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 hivi, na duniani ni Baikal pekee linalolizidi kwa kina. Limelala katika Bonde la Ufa, ndiyo maana vilima vya Mumirwa vinashuka hadi karibu na maji. Mteremko huo hauishii ufukweni, bali unaendelea chini ya maji. Hivyo, mahali pengine mtoto aliyesimama maji yakimfika kiunoni huweza kupiga hatua chache tu akakosa pa kukanyaga.

Tena, mwaka 2021 na mwaka 2024 maji ya ziwa yalipanda sana, yakafunika nyumba, kuta na miti iliyokuwa nchi kavu. Mabaki ya namna hiyo huweza kumjeruhi au kumnasa anayejirusha majini bila kupachunguza. Wakati wa kiangazi pepo za kusini-mashariki huvuma kwa nguvu na kuinua mawimbi. Nayo midomo ya mito, ambako maji ni mazito kwa udongo, si mahali pa kuogelea, kwani mamba hawaonekani humo. Viboko hutoka majini kutafuta malisho jua linapozama, kwa hiyo familia na iwe imekwisha kukunja mikeka kabla ya magharibi. Kabla ya mtoto yeyote kuingia majini, waulizeni wavuvi wa mahali hapo, maana wao ndio wenye habari za jana na za leo.

2. Kuzama hakuna kelele

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu 300,000 hivi walikufa maji mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Wengi wetu hudhani kwamba anayezama atapiga mayowe. Sivyo. Kinywa chake kiko majini, na pumzi anayoitafuta haimtoshi hata kuita. Mikono yake hukandamiza maji badala ya kupunga, kichwa huinama nyuma, na muda mfupi baadaye hayupo. Mtu aliye hatua kumi kutoka hapo huweza kuendelea na mazungumzo asijue.

Tuchukue mfano. Watu wazima watano wamekwenda ufukweni na watoto wanane. Chakula kimekwisha, mazungumzo yamenoga. Mama anaamini kwamba shangazi anawaangalia watoto, shangazi anaamini ni mjomba, na mjomba yuko kwenye simu. Hakuna mzembe miongoni mwao. Kila mmoja anawapenda watoto wale. Lakini kazi iliyoachiwa watu wote haikukabidhiwa kwa yeyote. Wahenga walisema: manahodha wengi, chombo huenda mrama.

3. Kanuni ya mlinzi mmoja

Kwanza, kabla ya watoto kuvua nguo, mtu mzima mmoja atajwe kwa jina mbele ya wote kuwa ndiye mlinzi.

Pili, mlinzi asinywe pombe, asishike simu, asichome nyama. Asimame karibu na maji na kuwahesabu watoto mara kwa mara. Mtoto mdogo asimwache mbali zaidi ya urefu wa mkono.

Tatu, baada ya nusu saa apokewe na mwingine, naye aambiwe wazi: “Sasa ni zamu yako; watoto ni wanane.”

Mlinzi alinde pia upande wa barabara, kwa kuwa mahali pengi barabara na maji vimekaribiana, nao mpira wa mtoto hauchagui upande.

4. Hatari ikitokea

Asiyejua kuogelea asijitupe majini, kwani anayezama humkumbatia mwokoaji na wote wawili huzama. Mrushie bidoni tupu iliyofungwa kifuniko na kamba, au mnyoshee mti mrefu, huku wengine wakiwaita wavuvi wenye mitumbwi. Akitolewa akiwa hapumui, msimning’inize kichwa chini wala kumkanda tumbo. Mlazeni chali, mpulizieni pumzi kinywani mara tano, kisha bonyezeni katikati ya kifua mara 30 na kupuliza mara 2, mkiendelea hivyo hadi apumue au msaada ufike. Hata akizinduka, apelekwe hospitalini siku hiyo hiyo.

Kwa polisi na kamati za usalama za vilima, ombi letu ni moja: mnapoona mahali palipoleta msiba au palipoonekana mamba, tujulisheni mapema ili wageni wazuiwe. Tahadhari kabla ya hatari.

Maswali ya kujadili nyumbani

1. Safari iliyopita, nani alikuwa mlinzi wa watoto wetu? Alitajwa, au tulidhani tu?
2. Je, katika mizigo yetu mna bidoni tupu na kamba?
3. Nani kati yetu anajua kumpulizia pumzi aliyezama? Kama hayupo, nani atajifunza kabla ya safari ijayo?