Somo la Robo Hii: Kusafisha Alama Zilizojificha Kabla ya Kuchapa Nukta Nundu

Lengo la somo: Kuwasaidia makarani na kamati za sharika kuandaa maandishi ya nukta nundu ambayo msomaji asiyeona atayasoma bila kukwama.



Ukurasa mmoja wa maandishi ya kawaida unaweza kuzaa kurasa mbili au tatu za nukta nundu. Karatasi yake ni nene na ni ya gharama. Kwa hiyo kila alama isiyohitajika ni hasara.

Tatizo lenyewe

Tuseme karani wa usharika huko Makambako anachapa somo la Jumapili. Anakoza kichwa cha somo, analaza maneno ya Biblia, kisha anabonyeza kitufe cha nafasi mara nyingi ili kichwa kikae katikati. Kwa macho, kazi inapendeza. Faili linasafiri kwa flashi kama kilomita 60 hadi Njombe kwenye printa ya nukta nundu.

Programu ya kutafsiri, kwa mfano Duxbury, haiyatupi mapambo hayo. Huyabeba kama misimbo. Herufi nzito hufunguliwa kwa [fts~b] na kufungwa kwa [fte~b]. Misimbo hiyo inaweza kufichika kwenye skrini, lakini ile ya mkazo hugeuka kuwa nukta za ziada kwenye karatasi. Jicho huzoea herufi nzito bila taabu. Kidole hulazimika kugusa kila nukta. Mfikirie ndugu asiyeona anayesoma somo mbele ya waumini asubuhi ya mwezi Julai, vidole vimekufa ganzi kwa baridi ya Njombe. Anafika kwenye alama isiyo na maana, anasita. Waumini wanadhani hajui kusoma, kumbe kosa limetoka kwenye kompyuta.

Hatua za kufuata

1. Hifadhi nakala ya faili la awali. Fanyia kazi nakala nyingine.

2. Kabla ya kutafsiri, ondoa herufi nzito na za mlazo zisizo za lazima. Futa nafasi zilizorundikwa. Vichwa vipangwe kwa mtindo wa kichwa uliomo kwenye programu ya kuchapia.

3. Fungua faili katika Duxbury, kisha bonyeza Alt pamoja na F3 ili misimbo ionekane.

4. Ondoa misimbo ya mapambo. Ukifuta wa kufungua, futa na wa kufunga, usije ukaacha mlango wazi.

5. Usifute yote. Misimbo ya aya, vichwa na kurasa mpya ndiyo inayomwonyesha msomaji mahali alipo. Mkazo wenye maana, kama neno lililokozwa katika zoezi la shule, ubaki.

6. Tafsiri, chapa ukurasa mmoja tu, umpe msomaji asiyeona ausome kwa sauti. Sahihisha anapokwama. Ndipo uchape nakala zote.

Neno kwa kamati na wafadhili

Hatua ya sita ndiyo inayorukwa mara nyingi, kwa kuwa haimo katika bajeti. Tunanunua printa na karatasi, tunahesabu nakala zilizotoka, lakini hatutengi nauli na posho ya mtu wa kuzisoma kwanza. Anayeona anaweza kusafisha faili. Anayesoma kwa vidole ndiye anayejua kama limesafishika. Tumpe nafasi hiyo kama kazi yenye malipo, wala si kama fadhila. Nanyi wafadhili, mnapopokea taarifa ya idadi ya nakala, ulizeni pia: ukurasa wa kwanza ulisomwa na nani?

Maswali ya kujadili

1. Katika usharika wetu, ni nani wanaosoma nukta nundu, na mara ya mwisho walipata somo lini?

2. Nani atakayekagua kurasa zetu kabla hazijachapwa zote, na atalipwa kutoka fungu gani?