Usukani wa Pikipiki ya Safari

Muhula uliopita mzee mmoja, mwanafunzi wa zamani wa shule hii, alileta karakana pikipiki yake, BMW R 60/5. Pikipiki za namna hiyo zilitengenezwa Berlin tangu mwaka 1969 hata 1973. Ni nzito, silinda zake mbili zimetokeza kando, moja kulia na moja kushoto, nazo ziliundwa kwa safari ndefu. Mzee alisema kwamba akitoka Kampala mpaka Mbarara, mwendo wa kilomita 270 hivi, hufika mgongo umekakamaa na viganja vimekufa ganzi. Akataka tumbadilishie usukani. Mhariri ameniomba niandike tuliyojifunza, na kosa letu sitalificha.

Sisi wanafunzi tulitaka ule usukani mrefu wenye pembe za juu, kwa sababu unapendeza macho. Kiwanda chenyewe kilikuwa kikitoa aina mbili: wa chini, mwembamba, kwa barabara za Ulaya, na wa juu, mpana, kwa wanunuzi wa Marekani. Wa chini humwinamisha mpandaji. Akienda kwa kasi, upepo humsukuma kifuani na kumpunguzia mikono mzigo; lakini akienda polepole katika mashimo, uzito wote wa kifua huangukia viganja. Wa juu hukalisha mtu wima, na upana wake humsaidia kugeuza gurudumu katika matope bila kutumia nguvu nyingi. Hasara yake ni kwamba kwa kasi kifua huwa kama tanga la jahazi, na mikono huchoka kwa kuvutana na upepo. Basi kabla ya kuuliza upi ni mzuri, yafaa kuuliza huyu mtu huenda wapi, na kwa mwendo gani.

Bruda wa karakana hakutusikiliza. Aliisimamisha pikipiki juu ya stendi ya katikati, akamwambia, "Mzee wangu, panda, fumba macho, kisha nyosha mikono ikae inapopenda yenyewe." Viwiko vikalegea. Mwenzangu mmoja akapima kwa kamba toka viganja mpaka vibano vinavyoshika usukani. Kumbe mzee hakuhitaji pembe zile za juu! Alihitaji nyongeza ya sentimita nane tu, na ncha zirudi nyuma kidogo.

Unene nao ni lazima upimwe. Usukani wa pikipiki hii ni milimita 22. Harley-Davidson nyingi hutumia wa inchi moja, yaani milimita 25.4, nao hauingii katika vibano hivi. Na ukiwa mwembamba kuliko vibano, usijaze nafasi kwa kipande cha bati, maana utazunguka siku utakapofunga breki kwa nguvu. Ukinunua uliokwisha tumika, tazama sana pale katikati unapobanwa, kama pana ufa. Uliopinda usiunyoshe; chuma kilichokunjwa kikanyoshwa hakina tena nguvu yake ya kwanza.

Kazi ya kufunga si ngumu. Funika tangi kwa blanketi, toa waya wa betri, chora katika daftari njia ya kila waya kabla ya kufungua kitu. Bolti za vibano zikaze kwa zamu, kidogo kidogo. Mkono wa klachi na wa breki uelekeze hivi kwamba vidole, kifundo na mkono mpaka kiwiko viwe katika mstari mmoja. Kifundo kikikunjwa saa nne, ganzi itarudi pale pale hata usukani uwe mzuri namna gani.

Sasa kosa letu. Tulimaliza jioni, kengele ya chakula ikalia, tukampa mzee pikipiki yake. Akaiwasha, akashuka mpaka langoni, akapinda kushoto. Mara injini ikanguruma kama imekanyagwa mkia, pikipiki ikaruka kuelekea bombani, na hapo watoto wa shule ya msingi walikuwa wakiteka maji. Mzee alibana klachi, akaunyosha usukani, injini ikatulia. Alikuwa hatua tatu kutoka kwenye ndoo ya kwanza. Hakusema neno. Sisi pia.

Sababu ni hii. Kishikio cha mafuta kipo mkono wa kulia, na toka hapo nyaya mbili hushuka, kila moja kwa karabureta yake. Ukipinda kushoto, ncha ya kulia huenda mbele, nyaya zikakazika. Tulikuwa tumeuinua usukani sentimita nane, lakini nyaya zilibaki zile zile fupi. Basi usukani wenyewe ukafungua mafuta, ingawa mkono wa mzee haukukizungusha kishikio.

Lilitakiwa jambo la dakika mbili tu. Pikipiki ikiwa juu ya stendi, nje penye hewa, washa injini iende polepole, kisha zungusha usukani mpaka mwisho kushoto, halafu mpaka mwisho kulia. Sauti isibadilike hata kidogo. Kila upande fungua mafuta na kuachia: kishikio kirudi chenyewe kwa haraka. Klachi na breki ziwe na ulegevu kidogo pande zote mbili, na vidole visibanwe kwenye tangi. Pikipiki zenye breki ya mafuta kwenye usukani zina bomba la mpira badala ya waya, na bomba hilo nalo lisivutwe wala kukunjika.

Bruda aliagiza nyaya ndefu zaidi. Zilichukua wiki mbili kufika, na siku hizo zote pikipiki ilikaa karakana chini ya blanketi. Mzee alirudi nyumbani kwa basi.